Beseni la Mwonja Chai

4 Machi

Halafu nilisahau kukuambia, Shangazi, kwamba mpenzi wangu anaimba akipiga pasi. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha ya barua iliyopita ndipo nikakumbuka, nikasikitika kwamba utaisoma barua nzima bila kulijua jambo kubwa kama hilo. Anaimba vibaya kabisa, na kola zake zinatoka zimenyooka kama karatasi mpya.

Basi shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na paa limeacha kuvuja. Baba alipita hapa Jumapili akilalamika magoti, kisha akapanda ngazi zote hadi orofa ya tatu bila kupumzika kwa sababu alisikia nimepika. Sisi hatujambo. Nyumba yetu ni vyumba viwili, na katika kila chumba kuna mahali ambapo nimesimama nikajiambia, hivi kweli huyu ni wangu? Asubuhi nikiamka namwangalia anavyolala na mkono chini ya shavu, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mpenzi wangu huyu, Shangazi. Sikujua furaha inachosha hivi.

Ila kuna jino.

Unakumbuka siku ya harusi aliponibeba mbele ya ukumbi, nami nikainua kichwa ghafla nimbusu kabla mpiga picha hajawa tayari? Kile kishindo kilikuwa paji langu na jino lake la mbele. Watu walicheka, sisi tukacheka, picha ikatoka nzuri. Lakini jino likaanza kugeuka rangi, mzizi ukaoza, na uozo ukaula mfupa uliolishikilia. Siku tatu zilizopita daktari wa meno aliling'oa, akasafisha, akakaza skrubu ndogo ndani ya ufizi, akaizungushia mfupa wa kupandikiza ili ipate pa kushika, akashona. Itachukua miezi kabla mfupa haujashikamana na skrubu, ndipo ivikwe jino jipya juu yake. Angeweza kuvaa jino la kuchomeka lenye bamba, lakini bamba hufunika kaakaa la juu, na mwonja chai asiye na kaakaa ni sawa na kinyozi aliyefungwa macho.

Hujawahi kumwona kazini, ndiyo maana nakusimulia. Mimi nikiwa karani wa bohari napita mlangoni kwao kupeleka hati. Wanapanga vikombe arobaini mezani. Anachota kijiko, anavuta chai kwa mlio kama kitambaa kinachochanwa, anaizungusha kinywani, kisha anaitema kwenye ndoo iliyo hatua mbili mbele yake. Inakwenda imenyooka, bila tone kuanguka sakafuni. Siku ya kwanza niliyoiona hati zilinitoka mkononi. Wenzangu wananitania hadi leo kwamba nilimpendea mate.

Sasa mate yenyewe, Shangazi, ndiyo yamenishinda.

Mdomo wa juu umeumuka kama unga uliotiwa hamira. Chini ya jicho pana rangi ya zambarau inayogeuka manjano. Ile foronya niliyoitarizi majina yetu ameilalia na asubuhi ikawa imegandana na shavu lake, damu na udenda, ikabidi niibandue. Amekatazwa kutema, amekatazwa kuvuta kinywaji kwa mrija, amekatazwa kusukutua kwa nguvu, maana donge la damu likitoka kila kitu kitaharibika. Kwa hiyo anajaza kinywa maji ya chumvi yaliyopoa, anainama, anafungua mdomo, na yanaanguka yenyewe. Yanafuatwa na nyuzi ndefu za ute mwekundu zisizokubali kukatika. Zinaning'inia tu. Mimi nashika beseni, lile la bluu ulilotutunza siku ya harusi, na kuutazama ukuta.

Na harufu. Sijui niielezeje. Kama chombo cha maua ambacho maji yake yamesahaulika.

Halafu daktari akatuambia, huku akitabasamu, kwamba mfupa waliompandikiza ni wa ng'ombe, umesafishwa na kusagwa chembechembe. Mpenzi wangu akaitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa saa. Mimi tangu hapo kila nikimwangalia nasikia kwato.

Nampenda, usinielewe vibaya. Nampenda mpaka naogopa. Lakini leo asubuhi alitaka kunibusu shavuni, nikasema kuna kitu kinaungua jikoni. Hakikuwepo kitu jikoni.

Wewe umefanya kazi wodini miaka ishirini na sita. Kwa marehemu mumeo, uliwahi kuona kinyaa? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Mwana wa kaka yako, mwenye furaha na kichefuchefu.

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimetulia. Paa halijatulia, fundi aliliziba pale palipokuwa pazima. Kuku wangu mwekundu amepotea siku nne kisha akarudi akitembea kama mwenye nyumba, wala hakueleza alikokuwa. Mwambie kaka yangu aache kulalamika magoti kwa watu, aje ayalalamikie kwangu.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilisoma nikiwa nimeshamaliza kula.

Sikiliza. Damu kwenye foronya unailoweka kwa maji baridi, si ya moto, maji ya moto huipika ikaganda. Mgonjwa alale kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili. Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto: viazi vilivyopondwa, mayai, supu iliyopoa. Atafune upande mwingine. Uvimbe hupanda siku ya tatu, kisha hushuka, kwa hiyo ukinisoma atakuwa ameanza kufanana na yule uliyeolewa naye. Chembe moja mbili za mfupa zikitoka msishtuke. Zikitoka nyingi, au ukiona usaha, siku hiyohiyo mrudi kwa daktari. Na kweli asiteme. Mtu ambaye kazi yake ni kutema, mwekee kibandiko kwenye kioo cha bafuni.

Kuhusu ng'ombe, hongera. Wapo wanaume wanaooa bila hata kuku.

Umeniuliza mambo mengi, nami nimeyajibu yaliyo muhimu. Ya marehemu tumwachie marehemu.

Msalimie Bwana Chai. Mwambie simuulizi hali ili asifungue mdomo kunijibu.

Shangazi yako.

5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Baba mzima. Ile dawa ya kifua niliyokununulia nitaituma Jumatatu.

Mfupa umetoka. Ilikuwa bahati mbaya tu. Nilikuta chembe ndani ya beseni, nyeupe, kama chumvi ya mawe, nyingi, zimechanganyika na damu. Siku mbili baadaye ufizi ulijaa usaha, tukaenda kwa daktari. Akaigusa skrubu kwa kidole ikacheza kama msumari kwenye ubao mbovu. Akaichomoa. Akakwangua. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha kona na niliisikia ile sauti ya kukwangua hadi kwenye meno yangu mwenyewe.

Atasubiri shimo lipone, kisha waanze upya mwanzoni mwa Agosti. Kiwandani mkuu wa waonjaji amesema kiti chake kitamsubiri hadi mwaka uishe, si zaidi, maana vikombe havisubiri. Kwa sasa mgonjwa anabandika lebo kwenye makopo ya sampuli.

Beseni nimeliosha kwa dawa. Foronya nimezibadilisha zote. Nina kazi nyingi boharini, nisamehe nikikawia kuandika.

Mwanao.

22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Dawa imefika, ni chungu, kwa hiyo huenda ni nzuri. Kuku mwekundu ametotoa. Sasa tunajua alikokuwa.

Pole, na mpe pole mumeo. Kukwanguliwa si mchezo.

Lakini mimi ni mzee na nina muda, kwa hiyo nimeziweka barua zako mbili mezani, moja kando ya nyingine. Ya Machi ina kurasa sita, na mle ndani kuna mtu anaitwa mpenzi wangu, anaimba akipiga pasi. Ya Aprili ina ukurasa mmoja, na mle ndani kuna mtu anaitwa mgonjwa. Huyu wa pili ni nani? Yule wa kwanza amekwenda wapi?

Jambo lingine. Umeniambia chembe zilikuwa na rangi gani, umeniambia zilifanana na nini. Hukuniambia alisema nini. Mtu amepoteza mfupa na kiti cha kazi kinayumba, naye hakusema hata neno moja?

Mfupa uliojazwa na kushonwa hautoki wenyewe kwenda kutembea. Wodini, bahati mbaya ilikuwa na jina la mtu kila mara, na mara nyingi nilikuwa namjua.

Sikulazimishi. Kalamu ni yako.

Shangazi yako.

14 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeianza barua hii mara nne. Baba alikuja Jumapili, akaula wali wote, akaniangalia, akasema nyumba yenu imekuwa na adabu sana siku hizi. Ni kweli. Tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Nakuambia sasa, na usinipunguzie.

Baada ya lile juma la kwanza nilianza kulala mzungu wa nne. Nilimwambia ni kwa ajili yake, nisije nikampiga tena kwa kichwa changu, maana kichwa changu kina historia. Akacheka na mdomo wake uliofura, akanishukuru. Akanishukuru, Shangazi. Nami nikalala nikitazama miguu yake, nikiwa mbali na kile kinywa, nikajisikia mjanja.

Jumamosi moja mchana wenzangu wawili wa bohari walikuja kumjulia hali. Yeye alikuwa chumbani anapiga pasi, anaimba kwa sauti ya puani kwa sababu mdomo haukufunguka vizuri. Sisi tulikuwa jikoni. Wakaniuliza, bibi harusi, mapenzi yanaendeleaje. Nikasema mapenzi yapo, ila kwa sasa mume wangu anabusu kama machinjio siku ya jua. Nikaongeza. Nikawaelezea zile nyuzi za ute. Nikaigiza nilivyobandua foronya. Nikasema yule ng'ombe waliompandikiza nadhani hakuwa amekufa vizuri. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta, nami nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimelibeba peke yangu siku nyingi na sasa lilikuwa kichekesho.

Kisha nikagundua kwamba wimbo umekatika.

Wageni walipoondoka alitoka, akawasindikiza hadi kwenye ngazi, akarudi, akachemsha maji. Hakuyapooza. Aliingia bafuni na chumvi, na mswaki, na dawa ya meno. Nilisikia anasugua. Nilisikia anasukutua kwa nguvu zote, shavu hadi shavu, kama wanavyozungusha chai. Halafu akatema. Nilisimama ukumbini nikausikia ule mlio ulionidondosha hati mkononi, ule ule, safi, umenyooka. Kibandiko ulichoshauri kilikuwa juu ya kioo, mbele ya macho yake.

Nilipoingia alikuwa amepiga magoti kando ya beseni la bluu, anaziokota chembe kwa ncha ya kidole, anazipanga pembeni. Damu inamtiririka kidevuni. Hakuniangalia.

Akasema, "Sasa harufu itapungua."

Ndicho alichosema. Uliniuliza.

Nami nilitapika papo hapo, ndani ya bafu, na hadi leo sijui kama nilitapika kwa ile damu au kwa mimi mwenyewe. Kumwomba radhi nimemwomba, tena mara nyingi. Anasema yameisha. Ananijibu akiwa amefunika mdomo kwa kiganja. Anakula akiwa amesimama karibu na dirisha. Anakwenda kuosha kinywa chake kwenye bomba la uani, orofa zote tatu chini, na anarudi na beseni likiwa safi limekauka, ananikabidhi kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Hapigi pasi akiimba. Mume wangu ananiogopa.

Na kibaya kuliko vyote ni kwamba kinyaa hakijaniondoka. Nimejisuta, nimelia, na bado nikifikiria lile shimo nageuza uso. Operesheni ya pili ni tarehe mosi Agosti. Kila kitu kitaanza upya, udenda na nyuzi na harufu. Mfupa huu usiposhika, hakuna wa tatu, na kiti kinakwenda kwa mwingine. Naogopa nitauharibu tena kwa uso wangu tu, hata nikinyamaza.

Mwanao mwenye aibu.

29 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Vifaranga wamebaki saba. Mvua imeacha kuingia chumbani, sasa inaingia jikoni.

Mwezi wa tatu uliniuliza swali. Ninalijibu leo.

Wodini nilikuwa namwaga ndoo za watu huku natafuna karanga. Usaha, matapishi, vyote. Manesi waliniita Chuma. Nilipenda sana jina hilo.

Marehemu alipougua kifua, alikuwa akikohoa ndani ya kopo lenye kifuniko. Kopo dogo tu la maziwa ya unga. Mwanangu, sikuweza kulishika. Mimi Chuma. Wale wa wodini walikuwa watu wa watu, vyao nilivimwaga nikasahau. Kile kilikuwa kinatoka kwa mtu niliyelala naye kitandani miaka kumi na tisa, na kila nikifungua kifuniko ngozi yangu yote ilisisimka. Nikamwomba jirani awe analiosha. Nikamwambia mume wangu nina zamu nyingi.

Hakuwa mjinga. Siku moja alimwambia jirani asije tena. Akaanza kwenda mwenyewe kwenye bomba la nyuma, akishika ukuta, hatua moja anapumzika, hatua moja anapumzika. Akirudi ananionyesha kwamba limetakata. Kisha ananishukuru, sijui kwa lipi. Na mimi nilimwacha aende, kwa sababu ilinifaa.

Alianguka pale bombani saa nne asubuhi, jua likiwaka. Nilipofika kopo lilikuwa mkononi mwake, limeshaoshwa, limeng'aa. Watu walisema nilimtunza vizuri sana mume wangu. Wakanisifu mbele ya kaburi. Nilipokea sifa zote.

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata baba yako. Kopo ninalo hadi leo. Naweka ndani yake vifungo vya nguo.

Sikufundishi namna ya kuondoa kinyaa, maana changu hakikuondoka. Nilikuwa nangoja kiishe ndipo nimsogelee, yeye akatangulia kuisha. Wewe usingoje. Mwambie usoni kile ulichowaambia wenzako jikoni, lakini mwambie yeye. Kisha shika beseni, na safari hii usiangalie ukuta. Ukitapika, tapika. Nani alisema ni lazima upendeze?

Na Bwana Chai mkataze bomba la uani. Mwambie ni amri yangu.

Shangazi yako.

16 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma boharini, nyuma ya magunia, na mkuu wangu alipopita nikamwambia ni vumbi la chai. Nimeirudia mara nyingi. Lile kopo nimekaa nalo, nalo limekaa na mimi. Baba hajui na hatajua. Magoti yake yanaendelea, na hamu yake ya kula pia.

Nilimwambia mume wangu. Ilikuwa juma moja kabla ya operesheni, tunakunja nguo. Nilisema, kinywa chako kilinitia kinyaa, na kikishonwa tena kitanitia kinyaa tena, na nimeshindwa kujizuia, na sitaki uende kwenye bomba la uani. Nilisema haraka haraka kama mtu anayemeza kidonge. Alikunja shati zima, na mikono yake, na kola. Halafu akanijibu bila kufunika mdomo.

"Hata mimi," akasema. "Unadhani mimi kinanipendeza? Nikiusikia ulimi unaingia kwenye lile shimo nywele zinanisimama. Nilidhani katika nyumba hii anayeteseka nacho ni mimi, na wewe unanicheka."

"Nilikuwa nacheka kwa sababu nateseka."

"Basi ungenicheka nikiwepo. Ile ya ng'ombe ambaye hakufa vizuri ilikuwa nzuri."

Shangazi, nilicheka nikalia mpaka ikabidi nguo zikunjwe upya.

Tarehe mosi wamempandikiza. Daktari aliuliza kama tunataka mfupa wa aina nyingine. Mpenzi wangu akasema hapana, alete ng'ombe yuleyule, asijisikie mgeni. Nikamwambia shangazi yangu anasema wapo wanaume wanaooa bila kuku, nawe sasa huyo ni ng'ombe wako wa pili.

Yaliyofuata ni yale yale, nisikudanganye. Uvimbe, foronya, ile harufu ya chombo cha maua. Siku ya nne aliinama, akafungua mdomo, maji yakaanguka, nami sikuangalia ukuta. Niliuona ute unashuka, mwekundu, kisha waridi, kisha na kitu cha njano katikati kilichosita kwenye mdomo wa chini kama kinachofikiria. Niliufuata kwa macho hadi chini. Halafu nikasema "shika," nikamwachia beseni mikononi mwake, nikatapikia kwenye sinki. Yeye, udenda ukiwa bado unamning'inia, asiyeweza kusema wala kucheka kwa sababu ya mshono, akanipigapiga mgongoni kwa mkono mmoja. Tukabaki hivyo, kila mtu na chombo chake. Sijawahi kuwa karibu na binadamu kiasi hicho, na sijawahi kuona kitu kichafu zaidi.

Siku ya tano nilishika hadi mwisho. Ya sita pia. Kinyaa kipo, ni kama jirani mwenye redio, nimemzoea bila kumpenda. Nalala kichwa upande wa kichwa, na mto mmoja katikati, kwa sababu ya historia.

Juzi nyuzi za mshono zimetolewa. Daktari alikagua, akasema ufizi umefunga vizuri, hakuna usaha, hakuna chembe iliyotoka. Kama mfupa umeshika kweli tutajua Desemba, na hapo mkuu wa waonjaji atakuwa bado hajakigawa kiti, kwa siku chache tu. Naweza kukosa usingizi kwa hizo siku chache, lakini sasa tunakosa wawili. Kwa sasa amepewa kunusa majani makavu, akiwa amefunga mdomo, na anasema pua yake imekuwa kali kuliko ya zamani. Jana alinibusu begani. Nikanusa kidogo. Nikabaki.

Hii nimeiandika akipiga pasi. Amekatazwa kupanua mdomo, kwa hiyo anaimba ukiwa umefungwa, na sasa anaimba vibaya zaidi.

Amepewa likizo ya siku tano. Tunakuja kwako, sote wawili, na beseni la bluu, maana maji ya chumvi ni asubuhi na jioni popote alipo. Tuandalie kitu laini. Atakwenda kwenye bomba lile la nyuma, Shangazi, na mimi nitamshikia beseni, na ukitaka utasimama nasi. Nionyeshe na kopo la vifungo, nami nitakifungua kifuniko. Tutafika kabla mwezi huu haujaisha.

Mwana wa kaka yako.